Kona ya Nane

Mtoto wangu anazijua treni kwa sauti. Ana miaka mitano, anaishi na mamake Syokimau, ghorofa ya nne, na kutoka kwa balkoni yao unaweza kuona treni ya Mombasa ikiingia stesheni polepole kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ukimpigia simu jioni atakukatiza: "Baba, ngoja, inapita." Halafu kimya. Unasikia pumzi yake, na honi kwa mbali. "Hiyo ni ndogo," atasema. Ndogo ni ile ya watu wa kazi, inayotoka mjini ikapitia Makadara na Imara Daima. Kubwa ni Madaraka. Sijui kama huwa anakosea. Mimi si mtu wa kumsahihisha.

Mimi naishi Pipeline. Stesheni yangu ni Imara Daima, kwa hivyo kwenye ramani mimi na yeye tuko kwenye reli moja. Kwenye maisha, huwa namwona Jumamosi. Na mwaka jana kuna wakati nilikosa Jumamosi mbili mfululizo. Sitasema nilikuwa na kazi. Kazi zangu hulipwa zikikwisha, na wanaolipa huwa hawana haraka. Sikuwa na nauli ya kumchukua na kumrudisha, na pesa ya chipsi hapo katikati, na niliona haya kufika mikono mitupu. Wiki ya tatu, nikiwa kwa simu, nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema nitamletea treni.

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Na reli zake."

Mamake akachukua simu. Hakufoka. Alisema tu, "Tafadhali, usimwahidi vitu. Lakini kama umeshamwahidi, lete."

Basi nikaanza kutafuta treni nikiwa na elfu nne, ambayo haikuwa yote yangu.

Nilianzia dukani, ndani ya jumba moja lenye vioo na ngazi za kujiendesha, kwa sababu nilitaka kwanza kujua kitu chenyewe kinafanana vipi. Kilikuwa kwenye rafu ya juu. Boksi kubwa, picha ya injini nyeusi, reli za duara refu kama uwanja wa mbio. Mhudumu akaishusha kwa heshima, akanieleza: injini moja, mabehewa matatu, reli za kutosha kuzunguka meza, na kifaa cha kuchomeka kwa stima. Elfu kumi na saba.

"Lakini hii ni seti ya kuanzia tu, boss," akasema, akinituliza.

Ya kuanzia. Nilitoka pale nikiwaza kama huku ndiko kuanza, wanaomaliza huwa wameuza nini.

Kamukunji ndiko unaenda ukishajua bei ya dukani. Pale vitu vya plastiki vinaning'inia kuanzia mlangoni hadi darini, na wanaonunua wengi ni watu wa kwenda kuuza kwingine, kwa hivyo mteja wa treni moja huangaliwa kama mtu aliyepotea njia. Nilipata treni ya betri kwa mia nane hamsini. Kichwa chekundu, mabehewa mawili, reli za plastiki za kushikanisha. Ukiiwasha inaimba. Haina mahali pa kuizima ikaacha kuimba. Ama inakwenda ikiimba, ama imekufa.

Jumamosi ile nilifika Syokimau nikiwa nimeshika mfuko mweusi nyuma ya mgongo kama kwenye filamu. Tukarudi naye kwangu, tukaiunga sakafuni, ikazunguka, ikaimba. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya. Akaweka mkono juu ya injini, akaisukuma.

Ndani ya treni ya betri kuna gia ndogo za plastiki, na gia hizo zimeundwa kuzungushwa na mota, si na mkono wa mtoto anayetaka kufika haraka. Ukiisukuma, meno yanasagika. Nilimwambia asiisukume. Akasahau, akaisukuma. Nikamwambia tena, sauti imepanda kidogo. Jumamosi iliyofuata injini ilikuwa inaimba vizuri kabisa lakini magurudumu hayazunguki, na vile vijino vya kushikanisha reli vilikuwa vimekatika viwili. Tuliisikiliza kwa muda. Hakulia. Aliniuliza, "Ni mimi nimeiharibu?"

Nikasema hapana. Lakini nilichelewa kidogo kusema, na watoto husikia hata kule kuchelewa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la watu wanaotaka kujisafisha: nikatafuta kitu kikubwa zaidi. Usiku nilikuwa nalala na simu usoni nikisoma kuhusu treni za umeme za wazungu, na nikapenda, sitakataa. Nilijifunza kwamba zina vipimo. Kipimo kinachotumika sana kinaitwa HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Sasa, upana wa reli ya SGR ni milimita 1,435. Chukua hiyo, gawanya kwa 87. Unapata 16.5. Nilikaa kitandani saa saba usiku nikiangalia hiyo hesabu kana kwamba nimefunuliwa siri. Reli ya zamani, ile iliyotoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ina upana wa mita moja, haiingii kwa hesabu hiyo. Lakini hii mpya, ile ya balkoni ya kijana wangu, inaingia sawasawa. Kwa hivyo nikajiambia nikimpata HO, nitakuwa nimempa Madaraka yenyewe, ndogo mara 87.

Nikapata mtu wa kuuza, seti iliyotumika, imetoka Marekani ndani ya sanduku la shangazi yake. Elfu tatu na mia tano. "Hii ni orijino, kaka," akaniambia tulipokutana kwenye steji. "Mzungu mwenyewe alikuwa anacheza nayo." Injini ilikuwa ya chuma chini, nzito mkononi, na nilipoishika nilisahau kuuliza maswali.

Niliichomeka usiku huo ili niijaribu kabla ya Jumamosi. Ilikwenda. Ilikwenda kwa kasi ya ajabu kama sekunde tano hivi, halafu kile kisanduku cha umeme kikatoa harufu ya samaki anayeungua, na moshi mwembamba, na kimya. Nikachomoa. Nikawasha tochi ya simu nikasoma maandishi madogo yaliyokuwa nyuma, ambayo mtu mwenye akili husoma mwanzoni: volti 120.

Stima yetu ni 240. Kesho yake fundi mmoja wa Luthuli aliigeuza mara mbili tu mkononi. "Hii ya mamtoni imekunywa maji mara mbili ya ukubwa wa tumbo lake," akasema. Lakini akanionyesha jambo ambalo lilinirudisha kwenye furaha: kile kisanduku kilikuwa kimekufa, injini bado nzima, kwa sababu treni yenyewe haitumii stima ya ukuta. Inatumia volti 12 za moja kwa moja, kama za betri ya pikipiki, zinazopita ndani ya reli zenyewe: reli moja chanya, nyingine hasi, na magurudumu ndiyo yanayookota. Akaniuliza kama nyumbani nina adapta ya zamani ya ruta ya Wi-Fi. Nani hana? Akakata ncha, akavua waya, akaunga kwenye reli. Ikaenda. Ukibadilisha waya, inarudi nyuma. Hakunitoza kitu, alitaka tu kuiona ikizunguka mezani kwake katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, na mafundi wengine watatu wakaja kuiona pia. Kwa dakika kama kumi, pale ghorofani, hakuna aliyekuwa mtu mzima.

Ningekuwa mwerevu ningeona hapo hapo seti hiyo ilikuwa ya nani.

Adapta ya ruta haina mahali pa kupunguza mwendo. Volti 12 zote zinaingia mara moja, na kwenye kona injini inaacha reli na kuruka chini ya kitanda. Nikatafuta adapta ya volti 9, ikapunguza kidogo. Vumbi dogo kwenye reli na inasimama, inabidi upanguse na spiriti. Behewa likikaa vibaya kwa nusu milimita, halivutiki. Boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa miaka minane na zaidi. Yangu ana mitano. Kwa hivyo Jumamosi ilipofika nilimkalisha kitandani, nikamwambia aangalie, asiguse. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, mwenyewe, bila kuambiwa. Nikaiwasha. Ilikuwa nzuri sana. Taa ya mbele ilikuwa inawaka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nikiirudisha kwenye reli kila mzunguko wa tatu, jasho linanitoka, nikisema "umeona? umeona?"

Baada ya muda akasema, kwa adabu kabisa, "Baba, naweza kupata simu yako niangalie katuni?"

Nilimpa. Ningefanya nini. Alikaa na katuni zake, mimi nikabaki na treni yangu.

Wiki iliyofuata sikuwa na kitu cha kumletea, kwa hivyo nilimpeleka mahali. Makumbusho ya reli yako pale nyuma ya stesheni kuu, yamekuwa pale tangu 1971, na watu wengi wa Nairobi hupita karibu nayo maisha yao yote bila kuingia. Ndani kuna behewa ambamo simba aliingia usiku mwaka 1900 kwenye stesheni ya Kima, akamchukua afisa wa polisi aliyekuwa amekuja kumwinda yeye. Kijana alitaka kujua kama simba alikuwa na tiketi. Nje, uwanjani, zimesimama injini za mvuke. Moja ya zile kubwa zaidi ni nambari 5918, inaitwa Mount Gelai, jina la mlima ulio Tanzania, kwa sababu injini za aina yake zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilitengenezwa Manchester miaka ya 1950 na kila moja ina uzito unaopita tani 250. Ukisimama kando ya gurudumu lake unaelewa kwa nini mababu zetu waliiita nyoka wa chuma na hawakuwa wanatunga mashairi.

Nilimwinua akapanda mahali pa dereva. Pale juu kuna mikono ya chuma, magurudumu ya kufungulia mvuke, saa za vioo vilivyofifia. Hakuna hata kimoja kinachofanya kazi. Akavishika vyote. Akavuta hiki, akasukuma kile, akatoa kichwa dirishani, akapiga honi kwa mdomo wake mwenyewe. Akatuambia, mimi na familia nyingine iliyokuwa chini, turudi nyuma, inaondoka. Tukarudi nyuma. Aliiendesha injini hiyo, ambayo haijasogea miaka na miaka, kwa karibu nusu saa. Hakuomba simu.

Nikiwa nimesimama chini na chupa yake ya maji ndipo ikanigonga. Sikuwa nimemnunulia treni. Nilikuwa nimemnunulia vitu viwili vya kuangalia. Cha kwanza kilijiendesha, akikigusa kinaharibika. Cha pili nilikiendesha mimi. Na yeye hakuwa ameomba kuangalia treni. Za kuangalia anazo bure, balkoni, kila siku.

Treni ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuendesha ipo, na ni ya zamani, na haina betri. Ni ya mbao. Kampuni ya BRIO ya Uswidi ilianza kuzitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengine wengi wakaiga, na jambo zuri ni kwamba waliiga hata vipimo: kipande cha reli kina upana wa milimita 40 na unene wa 12, na mara nyingi cha huyu kinaingia kwa cha yule. Mabehewa yanashikana kwa sumaku. Ukitaka iende, unaisukuma. Hiyo ndiyo injini.

Dukani hizi nazo ni ghali. Lakini kwa kuwa hazifi, huwa zinaishia kwa mitumba. Nilienda Toi Jumatano, kwa wale wanaouza vitu vya watoto vilivyomwagwa kutoka kwa marobota, nikapiga magoti kwenye turubai nikaanza kuchakura. Muuzaji, mama wa makamo, alidhani natafuta kitu kilichopotea. Hakujua vile vijiti ni vya nini. Alikuwa anaviuza pamoja na matofali ya plastiki na miguu ya wanasesere. Nikamwonyesha mifereji miwili iliyochongwa juu yake, vile gurudumu linapita. "Kumbe ni barabara," akasema, na akaanza kunisaidia kutafuta. Tulipata kona sita, kwa thelathini kila moja. Tukapata kichwa cha treni cha kijani kilichokwanguka rangi na mabehewa mawili, mia moja na hamsini. Nilivuta kila sumaku kwa kucha kuhakikisha imeshika, kwa sababu sumaku ikitoka na mtoto akazimeza mbili, zinavutana ndani ya utumbo, na hapo si mchezo tena. Zilikuwa imara.

Reli zilizonyooka hatukupata hata moja. Nikampelekea fundi wa mbao, jirani yangu pale Pipeline anayetengeneza vitanda, kona moja kama mfano. Akapima, akaangalia mabaki ya saiprasi yaliyokuwa chini ya benchi, akasema nirudi jioni. Alinichongea kumi. Akataka mia nne, na akaomba kujua kama kona pia nataka. Nikamuuliza anaweza? Akafikiri, akacheka. "Iliyonyooka ni kazi. Kona ni shule."

Basi piga hesabu: mia moja na themanini, mia moja na hamsini, mia nne. Mia saba na thelathini. Kama ningeanzia hapo, ningekuwa na Jumamosi kadhaa za nauli zimebaki mfukoni.

Tatizo lilikuwa moja. Kona kubwa za aina hiyo, zinahitajika nane ili duara lifunge. Mimi nilikuwa na sita. Usiku wa Ijumaa nilizipanga sakafuni kila namna na mwisho wake ulikuwa unaangalia pembeni, pengo la kama urefu wa mkono. Nililala nikijua nitamkabidhi kitu nusu, tena.

Alifika, akamwaga mfuko, akavitazama. Nikaanza kujieleza: kwamba zimepungua mbili, kwamba nitatafuta, kwamba ikikamilika itazunguka. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameanza kando ya kitanda, akaunga zilizonyooka nne, akapinda kwa kona mbili kuepuka jiko la gesi, akanyoosha tena, akapinda upande wa pili, akaishia mlangoni. Reli ilikuwa na mwanzo na mwisho. Haikuzunguka popote. Akaweka kiatu changu mlangoni na kikombe kando ya kitanda.

"Hapa ni kwa Mama," akasema, akigusa kiatu. "Na hapa ni kwako."

Akapakia maharagwe mabichi niliyokuwa nimetenga ya kuchemsha. Wakaketi wanne behewa la kwanza, watano la pili. Akaisukuma, polepole, na ilipofika kwenye kona akapunguza mwendo bila kuambiwa, na ilipofika kati ya jiko na meza akasimama.

"Kwa nini umesimama?" nikauliza.

"Wanashuka."

Haragwe moja likashuka. Safari ikaendelea. Alienda na kurudi hivyo mpaka saa nane, na mimi chakula kikaniunguza nikimwangalia, kwa sababu abiria wetu wote walikuwa safarini na ilibidi nipike kitu kingine. Aliposhika injini vibaya ikaanguka, aliiokota akairudisha. Hakuniangalia usoni kwanza. Hilo ndilo nililoliona kuliko yote. Hakuniangalia kujua kama ameiharibu.

Zile reli zinakaa kwangu, chini ya kitanda, hayo ndiyo makubaliano. Mamake alinipigia katikati ya wiki, jambo ambalo si kawaida yetu, akasema, "Anauliza kama utapata kona ingine." Nikasema natafuta. Akasema, "Sawa. Nitamwambia unatafuta." Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu amekubali kubeba ahadi yangu mpaka kwake.

Seti ya umeme niliiuza kwa elfu mbili kwa jamaa mmoja wa umri wangu, na sikumuuliza ana mtoto au hana. Nilimpa na adapta ya ruta, nikamwonyesha yale maandishi madogo ya nyuma.

Kona ya saba niliipata Toi mwezi uliofuata. Yule mama alikuwa ameniwekea kando kwenye mkebe. Ya nane ilichukua muda zaidi. Ilipopatikana nilikuwa na furaha ambayo siwezi kueleza mtu mzima mwenzangu kwa nini. Duara sasa lingefunga. Jumamosi nikamkabidhi, nikamwambia, "Hii ndiyo ya mwisho. Sasa tunaweza kuifanya izunguke."

Akaigeuza mkononi, akafikiria. Kisha akaenda nayo mlangoni, akasogeza kiatu, akaiunga hapo, reli ikapinda kuelekea kwenye kolido.

"Mbona huko?" nikamuuliza.

"Hapa palikuwa karibu sana," akasema, na akaniomba nifungue mlango.